Masizi ya Francisca

Sufuria zangu zinang'aa. Kila mtu wa Murukulazo anajua, na asiyejua apite nyuma ya nyumba yangu mchana azione zimeanikwa kichanjani, kama hatafumba jicho moja. Nazisugua kwa majivu na mchanga tangu nilipoolewa, ndani na nje, mpaka chini kabisa ambako wanawake wengine hawajihangaishi. Na tangu binti yetu Aline aniletee mtungi mdogo wa gesi kutoka Mwanza, hata kusugua kumepungua, maana gesi haiachi alama. Sasa niambieni: mume wa mwanamke wa namna hiyo anarudi nyumbani na mikono myeusi mpaka viwikoni, nikimuuliza katoka wapi ananijibu bila kupepesa macho.

"Nimetoka jikoni kwa Francisca. Nilikuwa nakwangua masizi."

Jikoni! Kwetu mwanamume haingii jikoni hata kwa mke wake. Akitaka moto wa kuwashia sigara anasimama mlangoni na kuomba kijinga. Idefonsi huyu, tangu tuoane, hajui chumvi naiweka wapi. Leo ameingia kwa mjane, akapiga magoti mbele ya mafiga yake, akageuza sufuria zake moja moja. Nilimkata jicho ambalo lingeweza kukausha nguo.

Niseme ilivyoanza, msije mkadhani nina wazimu. Idefonsi ni katekista wa kigango chetu. Padre alikuwa amegawa mada za kuadhimisha Jumapili ya Neno la Mungu: kigango kimoja kikapewa wanyama wa kwenye Biblia, kingine miti na mimea, sisi tukapewa vifaa vya waandishi wa zamani. Mtu mwingine angechora picha kwenye karatasi ya manila akaibandika ukutani, akarudi shambani kwake. Idefonsi hakutaka picha. Alishuka bondeni akakata matete, akayakausha juani, akayachonga ncha kwa kisu kidogo akazipasua katikati ili zishike wino. Akaomba pembe ya ng'ombe kwa mchinjaji. Akaipara ngozi ya mbuzi mpaka ikawa nyembamba. Akanoa msumari mrefu uwe kalamu ya chuma, ile ambayo Ayubu aliitamani ili maneno yake yachorwe kwenye mwamba. Nilikuwa namwangalia akifanya kazi ile uani, nikajiona nina mume wa maana.

Kikabaki kitu kimoja, wino. Kitabu alichoazimwa na padre kilisema watu wale walitengeneza wino wao kwa masizi, maji na gundi ya mti. Hapo ndipo Francisca alipoingia.

Francisca alikuja kwetu mgongoni mwa mama yake, wakati watu wanakimbia kutoka Burundi, na sasa ni mtu wa hapa kama sisi. Aliolewa, akakaa miaka mingi Lusahunga akiwapikia madereva wa malori yanayokwenda Rusumo, mume akafa, akarudi na sufuria zake. Sufuria zenyewe ni kubwa, na chini zina ganda jeusi nene kama gome la mti, kwa sababu hajawahi kuzisugua hata siku moja. Na kwenye kopo alikuwa na madonge ya gundi ya mgunga aliyoyaokota njia ya Biharamulo. Kwa hiyo alikuwa na masizi na alikuwa na gundi. Tena ana sauti ya chini, ya kumfanya mtu ainame ili amsikie. Wanaume wanapenda sana kuinama.

"Baba Aline," nilimwambia siku ile ya mikono myeusi, "masizi yameisha dunia nzima yakabaki kwa Francisca?"

"Kwako yako wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Alikwenda kichanjani, akachukua sufuria yangu ya maharage, akaigeuza, akapitisha kidole chini yake, akaninyooshea kile kidole. Kilikuwa safi. Akacheka kidogo na kwenda kunawa. Nilibaki nimeshika ile sufuria aliyoniachia. Kitu nilichokuwa najivunia mbele ya wanawake wote ndicho kilichomtoa mume wangu nyumbani.

Sikulala juu ya jambo lile. Kesho yake nilifunga mtungi wa gesi, nikakoka kuni mbichi za mkaratusi, nikapika maharage kwa moshi mpaka macho yakavimba. Nikapika tena, na tena, maharage tuliyokula tukashindwa tukawapa kuku. Jirani yangu Joan alikuja mbio akidhani nyumba inaungua.

"Dada Eustakia, kuna nini humu?"

"Natengeneza masizi."

Joan alitazama ule moshi, akanitazama mimi, akarudi kwake akicheka peke yake njiani. Acheke. Nilikwangua sufuria zote, nikapata kijiko kimoja tu, nikakifunga kwenye jani la mgomba na kumpelekea Idefonsi uani.

Alilifungua jani. Alikuwa tayari anasaga wino wake juu ya jiwe, mweusi tii, na gundi ya yule mwanamke imeshayeyuka ndani.

"Haya yako yanametameta, Mama Aline. Yana unga wa bati. Na wino umeshatosha."

Akalifunga jani vizuri kabisa akanirudishia. Bora angelitupa.

Jioni, mimi nikichambua mchele, alikuwa akinisomea mambo aliyoyaandaa. Ndivyo alivyonisomea ile ya Kitabu cha Hesabu. Mume akishikwa na wivu juu ya mke wake na hana shahidi, anampeleka kwa kuhani. Kuhani anaandika laana, anaziosha kwenye maji machungu wino wote uingie humo, na yule mwanamke anayanywa. Akiwa na hatia tumbo linavimba. Akiwa safi hapati neno. Idefonsi alifurahi sana na habari ile, kwa sababu ilionyesha kwamba wino wao ulikuwa wa kufutika kwa maji. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine.

"Kumbe Mungu ana sheria ya wivu?"

"Ndivyo inavyoitwa."

"Na mume akiwa ndiye anayeshukiwa, anakunywa nini?"

Alipekua kurasa, akakuna kidevu. "Hilo halikuandikwa."

Nikaendelea kuchambua mchele.

Wiki ile ikaja habari ya mkanda. Nabii Ezekieli aliona mtu aliyevaa kitani, kidau cha wino kikining'inia kiunoni pake, na Idefonsi akataka avae pembe yake vivyo hivyo. Nilitoa mkanda wake wa suruali nikaupaka mafuta. Jumamosi alirudi na mkanda wa ukindu uliosukwa, mwembamba, wenye kitanzi kidogo cha kushikia pembe. Sikuuliza umesukwa na nani. Mikono ya kusuka ukindu namna ile tunaijua. Lakini ili usuke mkanda wa mtu lazima kwanza umpime kiuno, na hilo lilinitoa usingizi.

Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kuliko chakula: kujua kama Idefonsi bado ni wangu. Si kuambiwa. Kuambiwa nimeambiwa mara nyingi.

Jumapili, baada ya ibada, meza iliwekwa nje ya kanisa na kigango kizima kikaizunguka. Idefonsi alivaa kanzu yake nyeupe ya katekista, niliyoipiga pasi mimi, na juu yake mkanda wa Francisca. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Aliinua kisu kidogo, akasema hiki ndicho cha kuchongea kalamu, na ndicho mfalme Yehoyakimu alichokatia maneno ya Yeremia na kuyatupa motoni kipande kwa kipande, kwa hiyo chombo cha kuandikia kinaweza kuwa chombo cha kuua maandishi, inategemea kiko mkononi mwa nani. Akagusa pembe kiunoni, akasema yule wa Ezekieli alitumwa kuwatia alama kwenye paji la uso watu wanaolia na kuugua. Nikawaza, kama ni wanaougua, aanzie kwangu.

"Kalamu ya chuma inaandika yasiyofutika," alisema. "Lakini kalamu ya tete na wino huu, tazameni. Nani anipe neno niandike?"

"Andika jina lako," nilisema.

Alitabasamu, akadhani namsaidia. Akachovya, akaandika Idefonsi juu ya ngozi ya mbuzi, herufi nzuri nyeusi. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akaishika ngozi juu ya kikombe cha bati, akaimwagia maji, akaisugua kwa kidole, na jina likateremka lote kikombeni. Ngozi ikabaki tupu.

"Mnaona? Mungu angetaka laana zidumu, angemwambia kuhani achukue chuma. Akachagua wino unaooshwa."

Watu wakasema aah. Mimi nilipita katikati yao, nikachukua kikombe mezani, nikakiweka mbele ya kifua chake.

"Kunywa."

Walicheka kwanza. Joan alinivuta kitenge kwa nyuma. Idefonsi alidhani ni mzaha, akanitazama usoni, akaona si mzaha.

"Mama Aline, sheria ile ni ya wanawake."

"Ile sheria ni ya anayeshukiwa. Mimi nakushuku wewe. Ulipiga magoti kwenye jiko la watu. Umefungwa mkanda na mtu. Kama ni safi, kunywa, ni jina lako tu."

Kicheko kilikatika. Nilimwona anavyohesabu: akinywa, katekista amekubali kushitakiwa mbele ya waumini wake; akikataa, wataenda nyumbani na la kusema. Nilijua nimembana na sikujali. Nilikuwa nangoja mkono wake. Angenyoosha mkono akanywa, hata kwa hasira, hata kwa kunitukana, ningempokonya kikombe kabla hakijafika mdomoni, ningelia, yangekwisha. Mkono haukunyooka. Alisimama tu, jasho likimtoka.

Ndipo wanawake wa kwaya walipoachia njia katikati, Francisca akapita.

"Shikamoo dada," aliniambia kwa ile sauti yake ya chini. Na mimi, mjinga, nikainama ili nimsikie, nikaitikia marahaba. "Sheria inataka mwanamke. Nipe mimi."

Alikitoa kikombe mkononi mwangu kwa upole, kama unavyomtoa mtoto kitu chenye makali. Akakiinua. Akanywa yote, taratibu, bila kupumzika, mpaka akakigeuza chini juu tuone hakuna kitu.

"Mana yanje, Mungu wangu, ni machungu," alisema, akacheka. Mdomo wake wa chini ulikuwa mweusi.

Wee! Makofi yalipigwa pale. Wazee walimsifu, wakasema mjane mwenye moyo kama ule hawajamwona. Alinipa mkono nikaupokea, ningefanya nini. Halafu niligeuka kumtazama mume wangu. Yeye hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama ule mdomo mweusi, na ule mkono wake, uliokataa kunyooka kwa ajili yangu, uliingia mfukoni ukatoa leso na kumpa. Leso ile niliifua mimi Ijumaa.

Nilimchunguza Francisca tumbo siku zote zilizofuata. Kisimani, shambani, kanisani. Halikuvimba. Analima, anaimba kwaya, anakula vizuri. Basi ni safi, na Idefonsi ni safi, sheria imesema na mimi sina ubishi nayo. Kila mtu ameniambia niwe na amani sasa, na Joan ameniambia mara nyingi kuliko wote. Lakini sheria ile inauliza tu kama kitu kimetendeka. Haiulizi nani alikimbilia kikombe. Mwanamke alimnywa mume wangu mbele ya kigango kizima, kwa masizi ya sufuria zake mwenyewe, na watu wakampigia makofi.

Nyumbani hatujagombana. Idefonsi ni mpole kuliko zamani, ananisalimia asubuhi kama mgeni. Leso iliporudi kwake niliifua, na doa likatoka kwa maji matupu, sawasawa na alivyofundisha. Pembe na kalamu za tete ameziweka darini, na Francisca namkuta njiani tunasalimiana.

Mtungi wa gesi nimemrudishia Aline. Napikia kuni, na tangu Jumapili ile sijashika majivu wala mchanga. Sufuria zangu zimekuwa nyeusi, chini pameanza kuota ganda, Joan akipita anageuza uso kwa aibu yangu. Kila jioni nikimaliza kupika nazigeuza, nazipanga pale nje ya mlango wa jiko, mahali ambapo mwanamume anaweza kufika bila kuingia ndani. Idefonsi anapita kando yake akienda kuoga. Hajawahi kupitisha kidole.