Mgeni wa Kumi na Tatu

Kwa miaka kumi na minane Ramani alikuwa akimwahidi mkewe kumtembeza. Jina hilo alibandikwa na madereva, maana kuanzia mnara wa taa kule ufukweni hadi maporomoko ya maji huko milimani, hakuna kijia asichokijua. Kazi yake ni kuongoza wageni. Mchana kutwa huwaonyesha watu mapango ya pwani na mashamba ya chai ya juu, jioni hurudi nyumbani hoi, akala, akalala. Mkewe aliyajua mambo hayo kwa kusimuliwa tu, tena katikati ya miayo.

Jumamosi moja kukabaki kiti kitupu kwenye basi. Mama wa watu akavaa gauni lake zuri, akaketi nyuma kabisa, ametulia tuli.

Sasa, Ramani ana mtindo wake. Gari haliondoki kabla hajahesabu vichwa na kulinganisha na orodha. Orodha ya siku hiyo ilisema kumi na wawili. Pale mnarani alipata kumi na watatu, akashtuka, kisha akakumbuka na kucheka peke yake. Kwenye maporomoko alipata kumi na wawili kamili. Akaridhika, bwana huyu, akamwambia dereva waondoke.

Walikuwa wameshafika kwenye mashamba ya chai, mwendo wa nusu saa, bibi mmoja mgeni alipouliza, "Mwongozaji, yule mama wa nyuma tumemwacha wapi?"

Ramani akageuka. Kitini kulikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba, simu. Aliwaacha wageni na dereva, akakodi pikipiki, na njia nzima alijitukana. Hakuogopa kwamba mkewe angepotea. Aliogopa kwamba huko alikoketi alikuwa ameshajua kuwa hamo kwenye hesabu ya mumewe.

Alimkuta juu ya jiwe, amevua viatu, miguu majini. Ukungu ulikuwa umeondoka, na mbali chini, ng'ambo ya mabonde, bahari ilionekana yote. Ramani hakuwahi kuiona kutoka pale. Wageni wake huwapa dakika ishirini.

"Mama watoto, nisamehe. Sina la kujitetea."

"Keti kwanza, unahema."

"Umekasirika?"

"Mwanzoni nilikasirika sana. Nikalia kidogo. Halafu ukungu ukaondoka."

"Nimekungojesha, mke wangu."

"Kukungoja nimezoea, baba watoto. Nyumbani nakungoja nikiutazama ukuta. Hapa angalau kuna cha kutazama."

Aliyasema kwa upole, bila kumkomoa, akasogea kidogo ili ampishe kwenye jiwe. Ramani akaketi. Mahali pale alikuwa ameshapaeleza mara elfu; sasa akavua viatu, akatia miguu majini, akatazama.