Meli ya Fungu la Kumi

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya asubuhi ile ni mkasi. Wifi yake hakuwa mtu wa mkasi. Miaka yote aliyoshona vitabu pale karakana, uzi aliukata kwa meno, na msimamizi alipomgombeza alijibu kwamba meno ni yake, hayakukodiwa pamoja na kiti. Leo aliukata kwa mkasi, taratibu, midomo ameifumba kabisa, kama mtu anayechelea kwamba akiifungua kitu kitatoka.

Kimya alijua ni kitu gani. Walilala chumba kimoja, kitanda kimoja, tangu Kaka, mume wa wifi, alipopata kazi ya upishi kwenye meli ya mizigo. Wiki iliyopita redio ilitangaza dhoruba baharini. Ilitaja meli zilizokimbilia bandarini, na moja, ile ya Kaka, iliyoitwa isiitike. Walipopiga simu ofisini kwa wenye meli, sauti iliwaambia wasubiri. Wakapiga tena, sauti ikasema vilevile, ila safari hii kwa upole, na upole ule ndio uliowatisha.

Mji wao ulikuwa mbali na pwani. Bahari yote aliyoijua Kimya ilikuwa ya karatasi, ile ya kwenye vitabu walivyovishona, na humo haikuwahi kutulia hata siku moja.

Kitabu kiliwajia vipande vipande. Karatasi zilitoka kwa wachapaji, chumba cha pili, kubwa kama shuka za mtoto, zimechapwa pande zote mbili. Wakunjaji walizikunja mara tatu, kila moja ikawa fungu la kurasa kumi na sita. Mshonaji alilifungua fungu katikati, akapitisha sindano. Mwisho wa meza Bibi Gundi, mwenye vidole visivyobanduka rangi ya gundi, alipaka migongo. Desturi yao ilikuwa kwamba fungu jipya likiingia, mmoja alisome kwa sauti huku wengine wakifanya kazi. Msimamizi aliwaachia. Alisema sikio likishiba, mdomo hupumzika.

Kimya ndiye aliyekuwa msomaji. Alitoka shule darasa la tano, na alisoma polepole, kila neno akilijaribu kwanza kama mtu anayevuka ubao wa mtaroni. Wenzake walipenda mwendo huo, ulikwenda na mikono yao. Kuongea ndiko kulikomshinda. Akisalimiwa, alijibu kifuani. Lakini maneno ya mtu mwingine yakiwa mbele ya macho yake, sauti ilimtoka.

Kitabu cha safari hii kilikuwa cha meli ndogo ya mizigo, nahodha wake mlevi, fundi injini wake mkorofi, na mpishi aliyeimba akiosha masufuria. Mpishi huyo ndiye aliyeharibu mambo. Tangu redio itangaze, wifi aliacha kuuliza habari za Kaka. Aliuliza habari za mpishi.

"Wamefika wapi?" alisema asubuhi ile, bila kuinua kichwa.

"Wako palepale katikati ya maji," alijibu Kasuku, mkunjaji aliyekuwa na neno kwa kila jambo. "Na mimi nawaambieni, hao hawafiki. Chombo kikitiwa kitabuni, kimeshazama. Nyie mmewahi kushona kimoja kilichofika salama?"

"Mwandishi akitaka kumuua mtu na hataki kufua damu, anampandisha meli," alisema Bibi Gundi.

Wakacheka. "Kikifika salama, nani atakisoma?" alimalizia Kasuku.

"Mimi," alisema wifi. "Nitakisoma mimi." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anajisemea: "Hicho kikifika, na changu kitafika."

Kicheko kikakatika. Kasuku alijishughulisha na mikunjo yake kana kwamba imemkosea adabu.

Ndipo mchapaji akaleta fungu la kumi. Aligawa rundo kwa kila mkunjaji, na karatasi moja akampa Kimya. Kimya aliikunja, akakata kingo, akapitisha jicho kabla ya kusoma, kama kawaida yake, asije akajikwaa mbele za watu. Katikati ya fungu aliona maneno: *Wimbi la tatu likapita juu ya meli. Lilipoondoka, meli haikuwepo.* Chini yake, sufuria ya mpishi ilikuwa ikielea peke yake.

Alimwangalia wifi. Wifi alikuwa ameshika sindano, hashoni, anasubiri.

"Soma basi," alisema.

Kimya akasoma. Kurasa za mwanzo alizisoma kama zilivyo, upepo, kamba kukatika, nahodha kuomba. Wimbi la kwanza. Wimbi la pili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: akasema maneno ambayo hayakuwa ya mtu mwingine.

"Wimbi la tatu likapita chini ya meli," alisema. "Likainyanyua kama... kama mama anavyonyanyua mtoto aliyelala, likaitua. Na asubuhi wakaona nchi kavu."

Vijiti vya kulainisha mikunjo vilisimama mikononi. Kimya akainua macho. Kasuku alikuwa ameikodolea macho karatasi iliyo mkononi mwake. Na wa pembeni yake. Na wa pembeni ya huyo. Kila mkunjaji mle ndani alishika fungu la kumi. Alikuwa amekipotosha kitabu mbele ya watu wenye kitabu kilekile viganjani, na hofu ilikuwa imemziba akili, hakulikumbuka hilo hata chembe.

Kasuku alifungua kinywa. Kimya akaomba ardhi ipasuke.

"Enhe," alisema Kasuku. "Wakaona nchi kavu. Endelea."

"Soma, mwanangu," alisema Bibi Gundi. "Hapo pazuri."

Alisoma mpaka mwisho, akiwashusha pwani watu ambao kitabuni walikuwa wameshazama. Wifi alishusha pumzi ndefu, akatabasamu. Tabasamu hilo lilimtisha Kimya kuliko wimbi. Kwa sababu mshonaji halioni fungu zima, huona katikati tu. Na katikati ya fungu hili ndipo meli ilipozamia. Wifi angelifungua pale pale, nakala baada ya nakala, mpaka jioni.

"Wifi, leo nishone mimi. Wewe pumzika," alisema Kimya.

"Tangu lini sindano ikakupenda? Juzi ulijidunga hata damu ikaingia kwenye dibaji."

Wenzake walijaribu kusaidia, kila mtu kwa namna yake. Kasuku, ambaye siku zote alikuwa mbele ya wote, alikunja kama mgonjwa. Bibi Gundi alimwita wifi aje amshikie kopo, kisha aje amshikie brashi, kisha akakosa cha kushikiwa. Msimamizi akaingia. Aliona rundo limelala mezani na mshonaji amesimama na brashi.

"Hii ni karakana au matanga?" alifoka. "Fungu la kumi liende!"

Neno hilo, matanga, lilibaki hewani baada ya yeye kutoka. Kisha marundo yakasogezwa, hapakuwa na la kufanya.

Wifi alikaa. Akalifungua la kwanza katikati, sindano ikaingia, ikatoka. Akalifungua la pili. Kimya hakuitazama sindano, aliitazama midomo yake. Kwenye la nne ilianza kucheza kidogo, kama ya mtu anayesoma bila kutaka. Kwenye la saba ikatulia. Mikono haikusita hata mara moja. Alishona vizuri kuliko siku zote, uzi umenyooka, na Kimya aliona kwamba hata mkasi hakuuchukua. Nyuzi zote zilikuwa zinaning'inia bila kukatwa.

Kengele ya chakula ililia. Wenzake walitoka upesi, bila porojo, Bibi Gundi akauvuta mlango nyuma yake. Wakabaki wawili.

"Wewe ulisema limepita chini," alisema wifi.

Kimya aliinamisha kichwa.

"Hapa limepita juu." Aliweka kidole kwenye ukurasa. "Mimi si mtoto, wifi. Najua kitabu ni kitabu. Nilitaka tu mahali pa kushika."

Kimya akachukua mkasi, akaanza kukata nyuzi zilizoning'inia.

"Ila jambo moja silielewi. Mke ni mimi. Kitanda kilichopoa ni changu. Wewe mbona unatetemeka toka siku ya redio, kama vile una habari ambayo mimi sina? Kaka yako alikuambia nini siku ile tulipomsindikiza stendi, mkanong'onezana nyuma ya basi?"

Kaka alikuwa amecheka siku ile. Alimshika kichwa kwa mikono miwili akamwapisha asimwambie mtu, akasema ofisini hawakumuuliza, na mpishi kazi yake ni jikoni, hana haja. Kimya aliutazama ukurasa, lakini safari hii hapakuwa na maneno ya mtu mwingine ya kusoma.

"Hajui kuogelea, wifi," alisema. "Kaka hajui kuogelea."