Masikio ya Mektrida

Mwaka 2003 Mektrida alikuwa na miaka arobaini na mbili, na kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameimba katika bendi yetu pale Moshi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi mitambo. Kwa miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kuhakikisha watu wanamsikia. Yeye mwenyewe anasikia nini akiwa jukwaani, kwa kweli sikuwahi kumuuliza.

Siku niliyolazimika kuuliza ilikuwa Jumamosi, kwenye harusi Himo. Mektrida aliingia kwenye wimbo sauti yake ikiwa juu kidogo ya ile ya magitaa, akaimba ubeti mzima hivyo hivyo, uso umetulia, kama mtu asiye na wasiwasi wowote. Wenseslaus, kiongozi wetu na mpiga gitaa la solo, aligeuka kumtazama. Akapiga noti ya mwanzo mara tatu kwa nguvu ili amwonyeshe njia. Mektrida hakuiona. Wageni waliendelea kucheza, maana harusini watu wanacheza tu, lakini sisi tulijua.

Tulipokuwa tunafunga vyombo alikuja akaketi juu ya kasha la spika.

"Efraimu, spika yangu ya miguuni uliizima?"

"Ile ya kukurudishia sauti yako? Ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, dada."

Ndipo akatuambia kitu alichokuwa amekificha kwa miaka miwili. Masikio yake yalikuwa yanalia, mchana na usiku, kama nyenje kwenye migomba ya kihambani. Akisimama kati ya spika na ngoma za Hosea hasikii noti tena, anasikia kelele moja nene, na ndani ya kelele hiyo anabahatisha. Daktari alikuwa amempima akamwambia kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa, na kwamba aache kusimama mbele ya spika.

"Sasa nisimame wapi?" alisema. "Nyuma ya pazia?"

Wenseslaus alikuwa mtu wa Rombo, mpole, na ndugu zake walikuwa wanapitisha bidhaa mpakani Tarakea kwenda na kutoka Kenya. Wiki tatu baadaye alirudi kutoka Nairobi na kasha jeusi la plastiki, akaliweka juu ya meza yangu ya kazi. Kulikuwa na bendi ya hoteli huko iliyovunjika, wakawa wanauza vyombo. Ndani ya kasha mlikuwa na mtambo mdogo wa kurushia sauti, kipokezi cha kuvaa kiunoni, na jozi mbili za spika za masikioni, kila moja ndogo kuliko punje ya harage.

Nilikuwa nimeviona kwenye kanda za video tu, kwenye masikio ya wanamuziki wa Ulaya. Kuvishika mkononi ni kitu kingine. Nilivaa jozi moja, nikaunganisha maikrofoni, nikasugua vidole vyangu viwili mbele yake. Nilisikia ngozi yangu. Nilirudia mara kadhaa, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, nikisugua vidole na kujichekea.

Lakini kumvalisha Mektrida haikuwa rahisi. Jozi ya kwanza ilikuwa na vifuniko vya mpira vya saizi tatu. Vidogo vilizama bila kuziba, vikubwa vilimuumiza, vya katikati vilikaa vizuri hadi alipofungua mdomo kuimba, ndipo cha kushoto kikaruka na kuning'inia begani. Jozi ya pili ilikuwa na sponji unayoiminya kwa vidole, ukaiingiza, ikavimba yenyewe na kuziba sikio. Hiyo ilikaa nyimbo mbili. Wimbo wa tatu jasho likaingia, sponji ikalegea, kelele za nje zikarudi, naye akaanza kunionyesha kidole juu, niongeze sauti. Nikakataa. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba kisipoziba, utaongeza na kuongeza, mpaka kile ulichokileta kumlinda ndicho kimmalize.

Aliyetusaidia alikuwa mzee Filemon. Alikaa juu ya Himo, njia ya Marangu, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa, na kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kutengeneza vile vipande vya plastiki vinavyoshikilia vifaa vya kusikia kwenye masikio ya watoto viziwi. Tulimkuta anakata majani ya ng'ombe. Tulimpa shikamoo, akanawa mikono, akatuingiza kwenye chumba kidogo chenye meza, taa na kabati. Kwenye droo za kabati hilo kulikuwa na mamia ya masikio. Maumbo ya plasta, kila moja limeandikwa jina la mtoto kwa penseli.

Mektrida alisimama mbele ya zile droo muda mrefu.

"Hakuna yanayofanana?" aliuliza.

"Bado sijayaona," mzee alisema. "Hata ya mtu mmoja, kulia na kushoto ni ndugu tu, si pacha."

Alimkalisha, akamulika ndani ya masikio yake, akasema la kushoto limepinda mapema, ndiyo maana kinaruka. Akaingiza pamba ndogo iliyofungwa uzi, ili dawa ya kuchukulia umbo isipite kufika ndani kabisa. Kisha akachanganya donge laini la rangi ya waridi, akalijaza kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akalisukuma polepole mpaka sikio lote likajaa. Akafanya la pili. Mektrida sasa alikuwa hasikii kitu.

Mzee akachukua kipande cha karatasi akaandika, akamwonyesha: IMBA.

Mektrida alimtazama bila kuelewa. Mzee akanigeukia mimi. "Taya likifunguka, njia ya sikio inabadilika umbo. Nikichukua umbo akiwa amefunga mdomo, kitamfaa akiwa amelala. Mwambie aimbe kama anavyoimba kwa watu."

Nilimwonyesha kwa ishara. Akafumba macho, akaimba. Aliimba wimbo wetu wa mama anayengoja watoto wake warudi nyumbani Desemba, wimbo ambao yeye mwenyewe aliutunga mwaka 1991. Aliuimba wote, bila gitaa, bila kusikia, katika chumba chenye masikio ya watoto. Na hakutoka nje ya noti hata mara moja. Kumbe sauti ilikuwepo mahali pake, nzima, muda wote. Mzee Filemon alikuwa ameweka vidole viwili kwenye taya lake kufuata linavyokwenda, na wimbo ulipokwisha hakuviondoa mara moja.

"Miaka yote nimekuwa naingiza sauti masikioni," aliniambia. "Hii ya kuzifungia nje ni mara yangu ya kwanza."

Vipande vilikuwa tayari baada ya siku kumi, vigumu, vinang'aa, na zile spika ndogo zimekaa ndani yake. Tulivijaribu ukumbini mchana, bendi nzima ikiwepo. Nilianza na sauti ikiwa imefungwa kabisa, nikaipandisha kidogo kidogo: kwanza yeye mwenyewe, halafu besi, halafu gitaa la Wenseslaus, mwisho ngoma. Alipoimba mstari wa kwanza alikatisha.

"Hivi huyo ni mimi?"

"Ni wewe, dada."

"Navuta pumzi katikati ya neno," alisema. "Miaka kumi na saba, hakuna aliyeniambia."

Akaomba turudie. Tulirudia wimbo mmoja mara tisa, na hakuna aliyelalamika. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Hakuwa anapiga kelele tena kupambana na spika, na katika ile sauti ya chini kulikuwa na vitu ambavyo mimi, niliyemsikiliza kuliko mtu yeyote duniani, sikuwahi kuvisikia. Hosea aliacha kupiga kwa nguvu bila kuambiwa.

Ilibaki shida moja. Wiki iliyofuata tulipiga kwenye ukumbi, watu mia mbili hivi, na baada ya wimbo wa pili Mektrida akachomoa kipande cha kulia. Nilimfuata nyuma ya jukwaa.

"Watu wamepotea," alisema. "Nawaona midomo inafunguka, mikono inapiga makofi, lakini hawapo. Naimba kama niko stoo nimefungiwa."

"Ukivaa kimoja utataka nikipandishe hicho hicho. Ni viwili, au hakuna."

"Basi niletee watu, Efraimu."

Nilikwenda na neno hilo nyumbani. Keshoye nilichukua maikrofoni mbili tulizokuwa hatuzitumii, nikaziweka kwenye stendi pembeni mwa jukwaa, moja kulia na moja kushoto, zikiwa zimewapa wanamuziki mgongo na kuwatazama wasikilizaji. Hazikuunganishwa na spika kubwa. Zilikwenda kwenye masikio ya Mektrida peke yake.

Tulizitumia mara ya kwanza tarehe 26 Desemba, katika mji wa Mkuu, Rombo. Mtu wa kwetu akiwa Dar, Arusha au Nairobi, Krismasi yuko nyumbani, na siku hiyo uwanja ulijaa kuanzia saa nane mchana. Sijui walikuwa elfu ngapi. Kulikuwa na akina mama wamekaa chini mbele kabisa, na nyuma vijana juu ya magari, na nyuma yao mlima umefunuka wote, mweupe juu. Nilivaa hedifoni kwenye mtambo ili nisikie kile anachosikia yeye.

Wimbo wa tano ulikuwa ule wa Desemba. Aliimba ubeti wa kwanza, na kwenye kiitikio uwanja ulipokea. Nilipandisha zile maikrofoni mbili. Nilikuwa nimeendesha mitambo mbele ya umati maisha yangu yote, lakini umati niliuzoea kama kelele moja. Sasa ulikuwa ni watu. Niliweza kusikia mzee anayekohoa, msichana anayecheka, mtu anayeimba vibaya kwa furaha.

Mektrida aliacha kuimba. Aliinua mkono, Wenseslaus akashusha gitaa, Hosea akabaki na ngoma ya mguu tu. Nikadhani kuna kitu kimeharibika. Nilimtazama, naye alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kulia, anasikiliza.

Ndipo na mimi nikasikia. Wale akina mama wa mbele hawakuwa wanaimba maneno yetu. Waliimba Kirombo. Sauti ya wimbo ilikuwa yetu, maneno yalikuwa mengine, na yalikuwa mengi, si kiitikio peke yake. Waliyajua wote, kwa pamoja, kama watu walioimba kitu kwa miaka mingi.

Bendi ilipokwisha kunyamaza kabisa waliendelea. Mektrida alishuka ngazi za jukwaa, akaenda akapiga magoti mbele ya mama mmoja mwenye kitenge cha bluu.

"Mnaimba nini, mama?" aliuliza, akimsogezea maikrofoni.

"Wimbo wako," yule mama alisema, akishangaa kuulizwa. "Tunauimba kwenye sala za jumuiya, na msibani pia. Tumeongeza beti."

"Tangu lini?"

"Hata sikumbuki. Wajukuu wangu wameukuta."

Aliitwa Hilda. Mektrida alimpa maikrofoni. Akaimba ubeti mmoja peke yake, sauti nyembamba, ya uzeeni, haitikisiki. Mektrida alibaki pale chini amepiga magoti, mikono imefunika masikio yake kwa juu, kama anayezuia kitu kisimwagike. Wenseslaus, ambaye Kirombo ni lugha ya mama yake, alikwenda nyuma ya spika na hakurudi mpaka ubeti ulipokwisha. Baadaye aliniambia ubeti ule ulikuwa wa mtoto ambaye hakurudi, na jinsi mama anavyomwachia mlango bila kufunga.

Mara ngapi tulikuwa tumeupiga wimbo huo Rombo? Kila mwaka. Na kila mwaka walikuwa wakitujibu, mita sita mbele yetu, sisi tukiwa tumewafunika kwa spika.

Mwezi Januari Mektrida alipanda kwa mama Hilda, akakaa siku nne, wakipalilia pamoja na kuimba. Alirudi na daftari lenye beti kumi na moja. Tulipoanza mazoezi alinikabidhi karatasi ya mpangilio wa sauti zake za masikioni, ameiandika mwenyewe. Juu kabisa, kabla ya sauti yake, kabla ya gitaa, aliandika: watu.