Kikombe cha Kuonja

Kwetu Nyabiondo, aliyetengeneza kinywaji ndiye anayekionja kwanza mbele ya wageni. Iwe kasiksi, ile pombe ya ndizi, iwe maziwa, iwe uji wa mzazi, mwenye kukitengeneza hunywa, wageni humtazama, kisha nao hupokea. Asipoweza kunywa, mtu wa damu yake huruhusiwa kunywa kwa niaba yake. Na anayemwaga kikombe cha kuonja hutoa mbuzi kwa wazee, kwa kuwa amewanyima wageni haki ya kujua kama wako salama. Mtoto huijua sheria hiyo kabla hajajua Baba Yetu.

Ushirika wa wakulima ulipoanzisha Nyumba ya Dawa, ili utengeneze dawa zake wenyewe, wanunuzi walicheka. Walisema kwamba watu wa maharagwe wapike maharagwe. Dawa ni ile inayokuja katika boksi lenye maandishi ya ng'ambo. Ndipo Papa Ndayambaje, rais wa komite, alipoileta sheria ya kasiksi ndani ya nyumba ile. Vestine Uwamariya, aliyesomea ufamasia Bukavu na kukabidhiwa kazi yote ya utengenezaji, akawa anakunywa siropu ya homa mbele ya mnunuzi kila mzigo ulipotoka. Kicheko kikakoma. Pikipiki zikaanza kubeba dawa yetu kuelekea Walikale.

Msimu wa mvua kubwa, Vestine alipanda milimani kumlilia shangazi yake. Akiwa huko, ililetwa bidoni, dumu la gliserini, yaani ule ute mtamu ambao siropu hupikwa nao. Zamani ilitoka moja kwa moja kwa muuzaji anayejulikana. Safari hii njia kuu ilikuwa imefungwa, na bidoni ilipita Sake mkononi mwa huyu na yule, ikapakiwa na kupakuliwa, hata ilipofika utepe wa kizibo ulikuwa umekatwa. Papa Ndayambaje aliuona. Alichovya kidole, akalamba, akakuta utamu uleule. Homa ilikuwa imeshika watoto wa kijiji cha Mpofi, na Edmond, mwenye duka la dawa huko, alikuwa ameshatuma salamu kwamba yuko njiani. Rais akaamuru wafanyakazi waipike siropu.

Vestine aliporudi, chupa zilikuwa zimejazwa na kupangwa katika makasha. Edmond alikuwa amekwisha kufika na pikipiki zake. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na kikombe cha kuonja kilikuwa juu ya meza kikimngoja, maana kila siropu ya nyumba ile ilihesabiwa kuwa yake. Hakukigusa. Aliomba aonyeshwe bidoni, akaugeuza ule utepe mara kadhaa, akauliza ni nani aliyeukata. Mmoja alisema ulikatwa kwenye kizuizi cha barabarani, mwingine akasema sokoni. Vestine alikwenda kuufunga mlango wa ghala yenye makasha, akausokomeza ufunguo ndani ya kitenge chake.

"Dada Vestine, kunywa basi tuende, mvua iko inakuya," alisema Edmond. "Ao unataka tukuongezee sukari?"

Watu walicheka.

"Sitakunywa."

Kicheko kilikatika. Katika nchi yetu neno hilo ni zito. Wako waliofukuzwa milimani kwa neno dogo kuliko hilo. Papa Ndayambaje aliinuka, akajipapasa kifua kama mtu anayeonyesha koti jipya.

"Miye nilikunywa asubui, kikombe muzima. Unaniona? Niko."

"Nakuona, Papa. Hata mi nikikunywa, nitakuwa tu muzima. Njo sababu sikunywi."

Akawaeleza kwa sauti ya kawaida, kama anayefundisha darasa. Kuna ute mwingine, wa kutiwa ndani ya mashine, unaofanana na gliserini kwa uzito na kwa utamu. Wafanyabiashara wasiomcha Mungu huuchanganya humo kwa kuwa bei yake ni ndogo. Mtu mzima atameza kidogo na kwenda shambani kwake. Lakini mtoto mwenye homa, anayenyweshwa asubuhi na jioni, ataacha kukojoa, atavimba, na atakufa, na mama yake atasema kwamba homa ndiyo iliyomuua. Ulimi hauwezi kutofautisha. Maabara peke yake ndiyo inayoweza, na maabara iko ng'ambo ya njia iliyofungwa.

Edmond hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba hajui atawajibu nini akina mama wanaomngoja.

"Na kama iko muzuri?" aliuliza. "Batoto bako na homa leo, haiko kesho."

Vestine alimjibu kwamba kulikuwa na vidonge vya homa vya mzigo uliotangulia, uliopimwa. Vikatwe na kupondwa kwa kadiri ya uzito wa mtoto, naye atamwandikia kipimo cha kila umri. Edmond alinung'unika kwamba mtoto hutema kidonge, na kwamba mama yake ataishia kununua boksi la sokoni. Hilo halikuwa uongo, na Vestine hakulikana.

Kwenye benchi la nyuma neno lilikuwa limeanza kutembea: mulozi, yaani mchawi mtia sumu. Mama Thacienne, mama yake Vestine, alilisikia. Alikuwa mpika kasiksi tangu usichana wake, na hakuna mgeni aliyewahi kuishuku harusi aliyoipikia yeye. Aliivuka baraza, akakishika kikombe.

"Miye njo damu yake," alisema. "Nitakunywa."

Kwa sheria yetu, mambo yalikuwa yamekwisha. Mama angekunywa, jina la binti lingesafika, mlango ungefunguliwa, na makasha yangefungwa kwenye pikipiki. Wazee walikuwa wamekwisha kutikisa vichwa kwa kuridhika. Vestine aliukamata mkono wa mama yake, akakipindua kikombe. Siropu ilimwagika chini, baina ya miguu yao.

"Mama, ukikunywa bataamini." Kisha akawageukia wote. "Kuonja kunaonyesha kama miye niko mulozi. Hakuonyeshi kama dawa iko dawa."

Papa Ndayambaje alimwambia kwamba amejitia katika deni la mbuzi, na kwamba kazi yake itaamuliwa wazee watakapokaa.

"Mutaniondoa siku hiyo. Leo ufunguo iko yangu."

Aliufungua mlango, akatoa kasha la kwanza, akalibeba nyuma ya nyumba hadi kwenye shimo la majivu, mbali na kijito. Alifungua chupa moja moja na kuzimimina. Walimkataza, aliendelea. Walimkumbusha jasho la ushirika, aliendelea. Aliitenga chupa moja tu, akaifunga kwa nta, ili ipelekwe maabara njia itakapofunguka. Edmond alisimama akimtazama kwa muda mrefu, akilalamika juu ya mafuta ya pikipiki zake. Mwishowe alichuchumaa kando yake, akaanza kufungua vizibo.

"Nyuki zitanifwata mupaka Mpofi," alisema.

Wazee walipokaa kuamua, jibu la maabara lilikuwa bado halijapatikana. Edmond alikuwa ametuma ujumbe kwamba duka lake halitapokea chupa yoyote kutoka Nyabiondo ambayo Vestine hakuikubali. Wajumbe wa komite walitazamana, na habari ya kumwondoa ikaachwa. Ilibaki habari ya mbuzi. Papa Ndayambaje, kwa nia ya upatanisho, alipendekeza wangoje jibu: siropu ikionekana ilikuwa na sumu, Vestine asamehewe mbuzi, ikionekana safi, atoe wawili.

Vestine alikataa. Alisema kwamba mbuzi ni wa kikombe, si wa siropu. Alikimwaga mbele yao wote, na sheria hiyo ni ya babu zake pia.

"Ikiwa safi, nilimwaga. Ikiwa sumu, nilimwaga. Siku ile sikujua, na ninyi hamukujua. Dawa yenye sisi benyewe hatuijui haitatoka hapa tena, hata mukiinywa bote."

Akatoka, akarudi akimvuta mbuzi jike mweupe, mnene, aliyemfuga mwenyewe. Akaiweka kamba mkononi mwa rais. Rais alimuuliza kama alikuwa na neno la kuomba radhi.

"Mbuzi njo huyu, Papa. Samahani sikuleta."

Papa Ndayambaje aliamuru mbuzi achinjwe. Nyama iliokwa. Anayelipa mbuzi wa kikombe hapewi kiti wala kipande. Husimama mbele ya wazee hadi wamalize kula. Vestine alisimama wima, mikono nyuma, akiwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, hata wengine wakawa wanatafuna wakiwa wameinamisha vichwa. Mvua ilianza, naye hakusogea chini ya paa. Mfupa wa mwisho ulipotupwa, rais alinawa mikono, akajifuta, akatamka kwamba deni limelipwa.