Risiti ya Asekon

Wenzangu wa ofisini Lodwar walikuwa wakinicheka. Wanawake wengine hukusanya vyombo vya kabati, walisema, Chepkirui anakusanya risiti za kodi. Niliwaacha wacheke. Mpiga chapa wa serikali ana burudani gani Lodwar? Mimi nilijua kwamba risiti ya kodi ya kichwa ya wakati wa mkoloni, yenye muhuri unaosomeka, ina watu wa kuigombania Nairobi. Na rundo lenye jina la mtu mmoja, mwaka baada ya mwaka, lina thamani kubwa kuliko risiti ishirini zilizookotwa huku na huku.

Rundo kama hilo nililipata Kakuma mwaka 1995. Nyibol, mkimbizi kutoka Sudan aliyeuza tumbaku kambini, alifungia tumbaku yake kwa karatasi yoyote, nami nilikuwa nimemwomba aniwekee zile kuukuu. Siku hiyo alinipa mkoba wa ngozi wenye risiti tisa. Mama mmoja Mturkana, Nabei, alikuwa ameubadilisha kwa unga. Risiti nane zilikuwa na jina la Abei, baba yake. Ya tisa, ya 1938, ilikuwa na jina la Asekon na alama ya dole gumba. Iliniharibia mpangilio. Nikaituma kwa posta kwa Byron, mkusanyaji mwenzangu wa Nairobi, naye akanipa risiti moja ya Lamu badala yake. Nilijiona mjanja sana.

Wiki tatu baadaye Nabei, aliyeelekezwa kwangu na Nyibol, alisimama mlangoni pa ofisi yangu, vumbi mpaka kwenye kope.

"Ejok, madam. Ile karatasi ya mzee, wewe iko nayo?"

"Ninazo. Kwani kuna nini?"

"Mimi nilifikiri ni takataka tu. Jana mzee imetafuta, imekosa. Imetoroka kwa mlima. Maji nikipeleka inakataa. Inasema askari itakuja, itauliza karatasi."

Nilimwambia kodi hiyo ilifutwa zamani.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi nimechoka kumwambia."

Hapo nikaogopa. Mzee wa miaka themanini, jua la Turkana, bila maji tangu jana. Nilichukua mkoba, na kwa ile haraka nikafanya ujinga: nikaomba lifti, mimi na Nabei, kwenye Landrova ya serikali iliyokuwa ikienda Kakuma. Tulipokaribia kilima, Abei aliliona gari. Akainuka kati ya mawe, akakimbia hatua kumi hivi, akaanguka.

Nilimkuta amejikunyata, midomo imepasuka. Alinitazama mimi, akatazama sketi yangu ya ofisini na gari nyuma yangu, na mkojo ukamtoka. Maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kuniogopa hivyo. Niliona aibu mpaka nikataka kulia. Nilimpa maji, hakuyagusa. Nikampa mkoba.

Alizitoa risiti moja moja, akizipapasa kingo. Alipofika ya nane alirudia tangu mwanzo.

"Ya ndugu yake haiko," Nabei alisema kwa sauti ndogo. "Askari ilichukua Asekon kwa sababu haina karatasi. Ikampeleka Lodwar na miguu. Baba ikatoa ngamia, ikalipia yeye, ikaweka kidole."

"Na Asekon?"

"Hakurudi."

Nilitaka kusema kwamba risiti iko Nairobi, kwamba nitaandika barua. Barua ingechukua wiki mbili, na mzee huyu hakuwa na siku mbili. Abei alisema jambo, akiangalia viatu vyangu.

"Inasema italipa tena, ngamia iko. Wewe andika. Kama huandiki, haitakunywa."

Kughushi karatasi ya serikali ni jela, na dereva alikuwa akitutazama kutoka kwenye gari. Nilichana ukurasa wa daftari, nikampa kisogo dereva, nikaandika: Asekon, kodi ya kichwa, 1938, imelipwa. Nikatia sahihi yangu. Nikavunja kalamu ya biki kwa jiwe, nikampaka mzee wino kwenye gumba, naye akabonyeza kwa nguvu na kulishikilia hapo muda mrefu.

Ndipo akanywa. Maji yalimdondoka kifuani. Alipomaliza aliniuliza kitu kwa adabu, macho chini, na Nabei akatafsiri.

"Inauliza, sasa karatasi iko tena. Asekon mtaachilia lini?"

Nabei akamjibu mwenyewe kwa Kiturkana, maneno mawili matatu, na mzee akakubali kuinuliwa.

"Umemwambia nini?" nilimwuliza.

"Kesho kutwa." Alikuwa akimfuta baba yake kidevu kwa ncha ya shuka. "Na wewe, madam, usirudi hapa."