Ombi Linasubiri

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlango wa mashariki wa hospitali ulikuwa unapigwa deki. Mfua mashuka akazungukia ule wa magharibi, akagusisha kadi yake ukutani, na kufika ndani alikuwa na mimba ya miezi minane.

Aliijua. Ilikuwa ileile ya miaka minne nyuma, na mtoto alipiga teke palepale ubavuni kushoto. Alifungua kifungo kimoja cha sare, akaenda kufua. Bawabu kibogoyo akipita huko huota meno yote, na mpishi hurudishiwa nywele, akazichana mpaka zimchoshe.

Fundi wa kompyuta alimweleza bila makuu. Seva zilikuwa tatu, za kujua nani ni nani, na zilipaswa kuambizana kila badiliko. Ya mlango wa magharibi ilipangwa tofauti kwa mstari mmoja tu wa maagizo: haiambiliki. Kila mtu ilimjua kama alivyokuwa siku ilipofungwa hapo, miaka minne nyuma.

"Kesho nazifananisha, dada."

"Basi hizo mbili zifanane na hii."

"Wengi wape," alisema fundi, kisha akaona haya.

Akamtazamia ombi lake la likizo ya uzazi. Kwenye seva mbili lilikuwa limekataliwa. Kwenye ya tatu lilikuwa bado linasubiri.

Mwaka ule lilipokataliwa aliendelea kubeba vikapu, na mtoto akazaliwa amekufa. Humlilia hadi leo. Jioni, kadi ikiulizwa getini, seva nyingine ingejibu na tumbo lingekwisha. Lakini mwenye likizo hatoki kwa kadi, anatoka kwa karatasi, na tumbo lake.

Akapanda kwa msimamizi.

"Hongera, mama," alisema msimamizi, akavaa miwani, akalisoma ombi lote. "Sasa nani atafua?"

Akalikataa. Seva nayo akaamuru fundi asiiguse, maana nywele za mpishi hazijamdhuru mtu.

Na kwa kuwa seva ile haiambiliki, kesho yake ombi lilikuwa linasubiri tena. Tangu hapo mfua mashuka hupita magharibi kila asubuhi, hupanda ngazi polepole akishika kiuno, hupewa hongera, hukataliwa. Kisha hushuka kubeba kikapu cha mashuka mabichi, kwa sababu wodi ya wazazi imejaa na mashuka yake hayangoji mtu.