Nyumba ya Mwana Haiingiwi

Mzee Zephaniah alikaa London wiki sita bila kukanyaga fleti ya mwanawe. Alilala kwa Thadei, Mchaga wa ghorofa ya chini pale Kilburn, na kila jioni Serah, mke wa mwanawe, alimteremshia chakula, akakiweka mlangoni, akagonga, akapanda ngazi. Kwa Wagusii, baba haingii nyumba ya mwana aliyeoa. Serah alikuwa Mkamba. Sheria hiyo hakuzaliwa nayo, aliolewa nayo.

Kibanda cha milimani Wales, walichokinunua yeye na mumewe Elkana, kilifaa kwa sababu moja: nyuma yake kulikuwa na kingine kidogo, chenye kitanda na jiko la kuni. Mzee angelala huko. Ijumaa waliondoka London alfajiri ili Sabato, inayoanza jua likizama, isiwakute barabarani.

Sabato haikuwakuta. Theluji iliwakuta. Walipofika, msonobari ulikuwa umeangukia kibanda kidogo, paa limebonyea hadi kitandani. Elkana alijaribu kugeuza gari warudi; magurudumu yakazunguka palepale. Redio ikasema barabara ya bondeni imefungwa hadi Jumapili.

"Nitakaa garini," Mzee akasema.

"Baba, hii si baridi ya Nyamira."

"Nimechunga ng'ombe kwenye mvua ya mawe kabla hujazaliwa."

"Baridi ya Nyamira haijawahi kuua ng'ombe, Baba. Hii inaua watu."

Mzee akapandisha kioo.

Saa kumi jioni giza lilianza kushuka. Serah alitoka na chai. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee, na alichokiona kupitia kioo alikijua. Mzee alikuwa anahangaika na kifungo kimoja cha koti, vidole havimtii. Alimuuliza Serah kama ndama amefungwa.

"Elkana!" akaita. "Baba ametetemeka mchana kutwa. Sasa hatetemeki."

"Si afadhali?"

"Hapana. Mwili umechoka kujitetea. Akilala humu, hataamka."

"Basi niwashe injini."

"Theluji imefunika bomba la moshi. Moshi utarudi ndani, umuue upesi zaidi."

Elkana akafungua mlango wa gari. "Baba, twende ndani. Hakuna anayetuona."

"Mimi naona."

"Nitakubeba."

"Utabeba maiti. Halafu nyumbani utawaambia nini? Kwamba ulinivua heshima nikiwa mzee?"

Serah alisimama hatua tatu nyuma, macho chini, kama mke wa mwana anavyosimama. Alimwambia mumewe, kwa sauti ya kumfikia mkwewe: "Mwambie mimi nitatoka. Nyumba ibaki tupu."

"Si yeye anayenizuia," Mzee akajibu, naye akizungumza na Elkana. "Ni nyumba yenyewe. Ni ya mwanangu."

Serah akafikiri. Nusu ya kibanda kile ilikuwa jasho lake, zamu za usiku za miaka minne.

"Basi isiwe ya mwanawe," akasema. "Mpe."

Elkana alimtazama mkewe kwa muda, kama anayesubiri abadili neno. Hakulibadili. Akatoa ufunguo, akaushika kwa mikono miwili.

"Baba, nyumba hii ni yako."

Mzee hakuupokea. "Na tukirudi London, itakuwa ya nani?"

"Yako."

"Na mkeo anasemaje?"

"Ni ya Baba," Serah akasema.

Mzee akauchukua. Elkana akamkokota hadi ndani. Serah alibaki kizingitini akitoa amri: mvue koti lililolowa, mfunike kifua kwanza, chai yenye sukari nyingi, usimsugue miguu. Baada ya muda Elkana akasema, "Anatetemeka tena."

"Vizuri. Sasa nipishe, na mimi nimeganda."

Elkana hakumpisha. Alikuwa amebeba mablanketi, yote yaliyobaki.

"Mwana aliyeoa halali chini ya paa la baba yake," akasema. "Na mkewe vilevile."

Serah alielewa polepole. Alikuwa ameijua nusu ya sheria, na kwa nusu hiyo amefunga mlango wake mwenyewe.

"Ulijua uliposhika ufunguo?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungempa?"

Serah aligeuka akalitazama gari. Alipiga hesabu aliyoiweza: watu wawili wenye miaka thelathini na kitu, mablanketi matano, injini isiyowashwa. Wangeteseka, hawangekufa. Akaingia kiti cha nyuma, Elkana akafuata, wakajikunja kama watoto wa tumbo moja.

Dirishani Mzee alisimama, mgongo umenyooka, rangi imemrudia. Aliwatazama kitambo. Halafu akaenda mlangoni na kusukuma komeo, kama mwenye nyumba afanyavyo jioni, na Serah akalisikia likiingia mahali pake. Theluji ilikuwa imeanza upya. Ilifunika kioo cha mbele kutoka chini kwenda juu, hadi taa ya nyumba ikawa doa la manjano, kisha ikapotea.